Mbwa wa Bei ya Nyumba na Amina ya Wifi Yangu

Mbwa aliyegharimu kuliko nyumba ninayoishi alilala katikati ya barabara, akaweka kidevu juu ya miguu, akafumba macho.

Magari yamesimama pande zote. Honi zinalia kama kuna harusi. Mwalimu wake anamwita, hasikii. Mzee kipofu aliyemshika kwa mpini wa mkanda amesimama pale kama mtu aliyeshushiwa mzigo asioujua ni wa nani.

Mimi nilikuwa kando ya barabara, nimekumbatia mkoba wangu.

Katika umati wote ule, nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua mbwa yule anasubiri nini.

Alikuwa anasubiri Amina.

Kumbe tuliojua tulikuwa wawili. Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema mama huyu kachanganyikiwa.

Mimi ni mjane. Shule yangu iliishia ya msingi, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Tunaishi vyumba viwili, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Chumba cha mbele ni cha meza ya pasi na makapu ya nguo, cha nyuma tunalala.

Wifi alikuwa msusi. Mtaa mzima ulikuwa unapanga foleni kwa vidole vyake.

Kisha ugonjwa wa macho ukamjia polepole, kama mtu anayeshusha utambi wa taa. Siku moja akaniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa linatuchoma wote wawili pale mlangoni.

Alijaribu kutoka peke yake na fimbo. Akatumbukia mtaroni. Watu walimtoa, lakini kuna mmoja alicheka, na wifi akasikia.

Tangu hapo hakuvuka kizingiti bila mkono wangu. Hata chumvi alikuwa wa kuagiza.

Na tangu hapo hakuitikia tena Amina. Jioni nikisema, "Tuombe," yeye anainuka na kwenda chumba cha nyuma.

"Zungumza naye wewe, wifi," ananiambia. "Mimi na yeye hatusalimiani."

Sikubishana naye. Niliomba tu. Niliomba Mungu amfungue mdomo aseme Amina moja, hata ya kukohoa.

Sasa, Jumapili moja baada ya ibada, akasimama mbele yetu mwanamke aliyevaa buti na suruali yenye mifuko kila mahali. Akasema yeye ni mwalimu wa mbwa.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Akatueleza kwamba kuna mbwa wanaofundishwa kuongoza vipofu. Anasimama penye shimo, anakwepa nguzo, anakuvusha barabara. Kisha akataja gharama ya mbwa mmoja mpaka awe tayari.

Kanisa zima kimya. Mzee wa kanisa aliyekuwa amesinzia akaamka.

Kwa bei ile unanunua nyumba kama yetu, na chenji unaezekea.

Akasema si kwamba wanakula dhahabu. Kuna daktari, kuna chakula, kuna mishahara ya walimu kwa miaka miwili. Na ubaya wenyewe ni kwamba wengi wanafeli. Mbwa akifeli, gharama yake haifeli naye. Inabebwa na wale waliofaulu.

Ndiyo maana kituo chao kinatafuta nyumba za kulea watoto wa mbwa bure kwa mwaka wa kwanza. Chakula na dawa wanaleta wao, wewe unatoa muda na malezi. Angalau bei inapungua.

Nikanyoosha mkono. Pengine ni kwa sababu neno kipofu lilipotajwa, wote waligeuka kunitazama mimi.

Baadaye nikamvuta mwalimu pembeni. "Mwanangu, na wifi yangu je? Hawezi kupata mmoja?"

"Mama, nisikudanganye. Kila mbwa ana mfadhili wake, na mfadhili anakuja na mtu wake. Asiye na mfadhili anasubiri. Wapo wanaosubiri mpaka wanazeeka."

Nikamchukua mtoto wa mbwa hivyo hivyo.

Siku aliyomleta nyumbani, mwalimu alitupa masharti. Asilale kitandani. Asilishwe na mtu mwingine ila mimi. Asipewe kitu kutoka mkononi wala mezani, hata punje.

"Na akifeli?" Sauti ilitoka chumba cha nyuma.

"Akifeli mtihani wa mwisho hapewi kipofu yeyote," mwalimu akasema. "Nyumba iliyomlea ndiyo inaulizwa kwanza kama inamtaka."

"Bure?"

"Bure. Lakini tunaomba asifeli."

"Ombeni," wifi akasema. "Mwombaji wa nyumba hii mnaye hapo hapo."

Nilimwita Mgeni, kwa sababu nilijua ataondoka. Wifi yeye alimwita Bwana Mkubwa.

"Wifi, Bwana Mkubwa kakojoa kwenye ndala zangu."

"Ni mtoto."

"Kwa bei ile angekuja anajua kwenda chooni na kupika. Huyu anakojoa kama mbwa wa bure."

Kila siku kejeli. Mbwa akikoroma, anasema tajiri amelala. Mbwa akila, anasema shamba la mtu linaingia tumboni. Nikajua hampendi.

Kisha likatokea jambo lililonifanya nilie.

Jioni moja nikasema, "Tuombe." Badala ya kusikia mlango wa nyuma, nikasikia kigoda kinaburuzwa. Wifi amekuja, amekaa, amekunja mikono kwenye aproni yake. Mgeni akajilaza miguuni pake, kimya kama kiatu.

Nikamaliza. Nikasema Amina. Wifi hakuitikia, lakini alikuwepo. Mgeni akainuka, akajinyoosha.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa.

Niliwaambia akina mama wa kikundi chetu. Walipiga vigelegele. Mmoja akasema, "Dada, hata mbwa wako anaomba." Na kweli, kila nikisema Tuombe, Mgeni alikuwa anakwenda chini, na hainuki mpaka asikie Amina. Niliona ni adabu. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Tena nilikuwa narefusha maombi makusudi, wifi akae akae.

Kuna mambo mengine niliyaona, nikayapita.

Mgeni alikuwa ananenepa. Mwalimu alikuja kumpima, akaguna. "Mama, unampa nini?"

"Kile kile mlicholeta, kwa kikombe chenu."

"Basi ana bahati ya mwili."

Nikasema ni baraka.

Na aproni ya wifi, mfuko wa kulia, ilikuwa kila wiki ina doa la mafuta. Mimi ni mfuaji, doa silikosi. Nikajisemea, mkono wa msusi haukosi mafuta ya nywele. Wakati huyo msusi hajashika kichwa cha mtu miaka.

Mwaka ukaisha, Mgeni akarudi kituoni kwa mafunzo yenyewe. Kila Jumapili walituruhusu kumtembelea. Nilitarajia wifi atasema ana kazi.

Akawa wa kwanza kuvaa viatu.

"Wifi," alikuwa ananiambia tukifika kwenye bustani yao, "hebu mwombee mtoto. Omba kwa sauti, asikie."

Jamani, nililia. Mtu aliyekuwa hasalimiani na Mungu ananiomba nimwombee mbwa. Nikaomba kwa sauti, Mgeni amelala miguuni pa wifi, na wifi mkono mfukoni.

Siku moja akamuuliza mwalimu, kama mtu anayeongea ya kupitisha muda, "Na huo mtihani mnafanyia wapi?"

"Njia ni ile ile kila mwaka. Sokoni, halafu kivuko kikubwa chenye taa."

"Pale kwenye mhubiri wa kipaza sauti? Bado yupo?"

"Yupo. Ndiyo maana tunapenda pale, kuna kelele za kila aina."

Wifi akatikisa kichwa taratibu. Mimi nikafikiri anamkumbuka mhubiri.

Siku ya mtihani ikafika. Mfadhili wa Mgeni alikuwa benki moja, na mtu wao alikuwa meneja wao wa zamani aliyepofuka uzeeni. Mzee mrefu, suti nzuri. Wapiga picha walikuwepo.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini mzee wa benki alikuwa anatiririka jasho. Niliona. Mkono wake kwenye ule mpini ulikuwa unatetemeka kama umeshika nyoka. Nikasema moyoni, furaha hiyo.

Wakapita sokoni vizuri. Mgeni akakwepa mkokoteni, akakwepa ngazi ya fundi rangi. Nilikuwa natembea nyuma yao nimemshika wifi, kifua kimenijaa. Mtoto wangu huyo.

Wakafika kwenye kivuko. Taa ikawaruhusu. Wakaingia barabarani.

Ng'ambo, mhubiri akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, tuombe."

Mgeni akalala. Katikati ya mistari myeupe, puu.

"Inuka," mwalimu akasema. "Mbele. Mbele, kijana."

Wapi. Mtoto amefumba macho, yuko ibadani.

Mhubiri alianza na wagonjwa, akaenda kwa wasafiri, akaingia kwa wafanyabiashara. Taa imebadilika. Honi zikaanza.

"Semeni Amina," mhubiri akasema.

"Amina," watu wakaitikia.

Mgeni akaruka juu, akavuta. Mzee wa benki akapiga hatua moja, ya pili.

"Tuendelee, tuombe."

Puu.

Dereva wa lori akatoa kichwa. "Nyie, huyo mbwa kaishiwa betri?"

"Amina," watu wakasema tena, maana walikuwa na moto siku hiyo. Mbwa juu. "Tuombe." Mbwa chini. Wapiga picha wakaacha kupiga picha. Wakaanza kushika mbavu.

Mimi nilisahau utu uzima. Nikapiga kelele, "Amina, baba. Amina ya mwisho." Na mzee wa benki naye, sijui alielewa nini, akaitikia kwa nguvu kuliko kanisa zima. Mgeni akainuka, wakavuka.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa barabara, akavua kofia.

"Amefeli," akasema. "Miaka miwili. Sijui nitawaambia nini wafadhili."

Niligeuka kumtazama wifi. Uso wake ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungini.

Basi Mgeni akarudi nyumbani kwetu, mbwa wa bei ya nyumba asiye na kazi. Mwalimu alimrudisha na mkanda wake wenye mpini, akasema atakuja kuuchukua.

Mimi sikuweza kula. Nilijua ni mimi niliyemharibu kwa maombi yangu marefu. Fedha za watu zote zile. Nikawa naomba kimyakimya, hata neno Tuombe nikaliogopa.

Wifi akanihurumia kidogo. "Usijitese, wifi. Ya Mungu mengi."

Yeye huyo, kutaja Mungu. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mashuka. Nikarudi ndani, hakuna mtu. Mkanda hauko ukutani.

Nikatoka mbio.

Nikamwona. Wifi yangu anatembea barabarani peke yake. Mgongo umenyooka, mkono kwenye mpini, Mgeni pembeni yake. Walipofika kwenye mtaro, ule ule mtaro, Mgeni akasimama. Wifi akagusa ukingo kwa kiatu, akavuka. Akaingia dukani.

Akatoka na pakiti ya chumvi.

Nilisimama nyuma ya nguzo ya umeme na machozi yananitoka. Lakini macho ya mjane yakilia bado yanaona. Nikaanza kupanga: mbwa mnene, mfuko wenye mafuta, maombi ya Jumapili, mhubiri wa sokoni.

Waliporudi nikawa nimekaa. Nikasema kwa sauti, "Tuombe."

Mgeni chini.

"Amina."

Mgeni akainuka. Hakuja kwangu mimi niliyesema. Alikwenda moja kwa moja kuchomeka pua kwenye mfuko wa kulia wa aproni ya wifi.

"Wifi," nikasema, "ulikuwa unampa nini?"

Akavuta pumzi. "Nyama. Mara chache ngozi ya kuku. Ile unayoniwekea mimi."

"Muda wote huo mimi nikidhani unaomba."

"Nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba afeli." Akapapasa kigoda, akakaa. "Mimi ningempata wapi, wifi? Nina mfadhili mimi? Mbwa amelala kwenye miguu yangu mwaka mzima, halafu apewe mtu wa benki apige naye picha. Nikasema huyu akifeli kwa jambo moja dogo tu, atarudi na akili zake zote. Sikumharibu. Nilimtia doa moja."

Mimi na madoa tunajuana. Kuna doa linatoka na kuna lisilotoka.

"Umeiba," nikamwambia.

"Nimeiba nini? Mbwa si huyu hapa?"

"Macho ya yule mzee. Alisubiri kama wewe."

Alipapasa kichwa cha Mgeni. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa, sikujua nianze na lipi.

"Tutakwenda kusema," nikasema. "Wakimchukua, wamchukue."

"Wakimchukua nitarudi ndani, wifi. Sitatoka tena."

"Najua."

Tukaenda. Mgeni mwenyewe ndiye aliyemwongoza kwenda kushtakiwa.

Ofisini tulimkuta mwalimu, na kwenye kona mzee wa benki. Alikuwa ameitwa aonyeshwe mbwa mwingine. Amekaa amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti.

Wifi akasema yote, hakuficha hata ngozi ya kuku. Akavua mkanda wa Mgeni, akaunyoosha mbele yake hewani, hajui nani ataupokea.

Mwalimu alikuwa na macho mekundu. "Unajua hicho kitendo kimegharimu nini?"

"Najua. Ndiyo sababu nilikifanya."

Kabla mwalimu hajajibu, tukasikia kikohozi kwenye kona.

"Samahani," mzee wa benki akasema. "Huyo mbwa yuko umbali gani na mimi?"

"Yuko mlangoni, mzee."

"Abaki huko huko." Akatoa leso, akajifuta shingo. "Mimi naogopa mbwa. Niling'atwa nikiwa mdogo. Wenzangu wa benki walitaka kunifurahisha, na wanangu wakasema baba usikatae, ni heshima. Siku ile alipolala barabarani, nilidhani maombi yangu yamejibiwa. Hamkusikia nilivyoitikia Amina?"

Mwalimu akaangalia dari muda mrefu. Nikaona mabega yanacheka kabla ya mdomo.

"Mpeni huyu dada," mzee akasema. "Nitaongea na benki mimi. Hata kwenye picha atapendeza. Mimi nilikuwa nimekaza meno."

"Si rahisi hivyo," mwalimu akasema. "Siwezi kutoa mbwa anayelala barabarani. Atamuua mtu." Akamgeukia wifi. "Wewe ulimfunga, wewe mfungue. Atarudia mtihani, kivuko kile kile, na mhubiri yule yule. Akilala, mkanda nauchukua moja kwa moja, anabaki mbwa wa kubweka getini."

"Na mfukoni?" nikauliza.

"Mfuko mtupu."

Wiki zilizofuata, Mungu anisamehe tena. Nilisimama kwenye meza ya pasi na kusema "Tuombe" kutwa nzima bila kuomba chochote, huku wifi na Mgeni wanapita mlangoni kwenda na kurudi. Jirani alichungulia, akaniuliza kama nimeokoka upya.

Mwanzoni Mgeni alilala. Akalala tena. Wifi akawa anamsemesha chini chini, "Twende, Bwana Mkubwa. Ibada ya leo ni ya miguu." Akitembea anapewa nyama, akilala hapewi kitu. Baadaye akitembea hapewi kitu ila mkono kichwani.

Siku ya kurudia, hakukuwa na wapiga picha. Mwalimu alitangulia ng'ambo. Mzee wa benki alikuja pia, akasimama mbali.

Wifi alinipa aproni yake niishike. "Usije ukasema nina kitu mfukoni."

Taa ikaruhusu. Wakaingia.

"Wapendwa, tuombe."

Mgeni akapunguza mwendo. Masikio yakasimama. Goti la mbele nikaliona linaanza kukunjika, na mimi goti langu likakunjika nalo.

"Mbele," wifi akasema, sauti kavu.

Mgeni akamtazama. Akanyoosha goti. Akaenda mbele, mstari baada ya mstari, mpaka ukingo wa ng'ambo, akasimama kumwonyesha. Wifi akapanda.

Mhubiri alikuwa bado anaomba. Aliombea madereva, akaombea wasioona njia. Kisha akamaliza, na kwa sababu watu walikuwa wachache siku hiyo, hakuna aliyeitikia haraka.

Ikatoka sauti moja. Nzito, yenye kutu, kama bawaba ya mlango uliofungwa miaka.

"Amina."

Nilitazama nani. Alikuwa wifi.

Mgeni akageuka, akatafuta mfuko kwa pua. Haukuwepo. Akaketi.

Tulirudi nyumbani yeye ametangulia na mbwa wake, mimi nyuma nimebeba aproni. Sikuweza kujizuia.

"Wifi, ile Amina ulikuwa unamwambia mbwa?"

"Mbwa alikuwa ameshavuka, wifi."

Sikuuliza tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nadhani ni maneno ya kukaribishia watu chakula.

Wewe unayesoma, kama una mtu unayemwombea, endelea. Ila usimchagulie Mungu mlango wa kuingilia. Mimi nilikuwa nimekaa natazama mlango wa mbele, naye akapita chini ya meza ya pasi, na mkia wake.